Maneno Kumi na Mawili katika Boma la Ongili

Cephas Ongili hakuwahi kusimama mbele ya waombolezaji akiwa na karatasi mkononi. Maemsii wengine, yaani waongoza shughuli wa matanga, kuanzia Homa Bay mpaka Migori, huja na daftari, na upepo ukifunua ukurasa usio wake utasikia mjane akiitwa kwa jina la mke mwenzake. Cephas hakuwa wa hayo. Alifika asubuhi, akakaa na wenye boma kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akaambiwa mashemeji wametoka wapi, nani atangulie kusema na nani asipewe kipaza sauti hata akilia machozi. Kufikia saa nne alikuwa na watu sitini kichwani, kila mmoja na jina lake, ukoo wake na kisirani chake.

Watu walidhani ana kipaji. Alikuwa na mbinu tu, na hakumficha aliyemuuliza kwa heshima. Kichwani alikuwa na boma la marehemu baba yake kule Nyatike, mwendo mfupi kutoka machimbo ya Macalder, na kila aliyepaswa kumkumbuka alimkaribisha humo akampa mahali pa kukaa. Askofu alikaa mlangoni kwa mama yake. Mwenyekiti wa chama cha akina mama alikaa kwa mmoja wa mama zake wa kambo. Shemeji mlevi alifungiwa zizini na ng'ombe. Zamu zilipofika, Cephas alitembea tu kichwani kutoka nyumba hadi nyumba akiwatoa mmoja mmoja.

Kichwa chake, basi, hakikuwa na neno. Neno lilikuwa kwamba alikuwa na miaka arobaini na tisa na hakuwa na boma lake mwenyewe. Alipanga nyumba mjini Homa Bay, na akienda kwao alilala katika simba, kile kibanda ambacho kijana wa Kijaluo hujenga kwa baba yake akisubiri kukua. Cephas alikuwa amekua muda mrefu. Wadogo zake, Elkana akiwa wa kwanza wao, nao walikuwa wamekua, lakini hawangeweza kuhama kabla kaka yao mkubwa hajahama. Na ili ahame ilibidi aongozwe na baba, au na ndugu wa baba ikiwa baba hayupo. Ndugu wa baba aliyebaki alikuwa mmoja, Jaduong' Obunga, yaani mzee Obunga, ambaye miguu yake ilivimba na presha yake ilipanda na kushuka isivyotabirika. Kila mtu katika ukoo alijua kwamba mzee huyo akienda kabla ya Cephas kuhama, mambo yangekuwa magumu sana. Waliomfahamu walimtania kwamba amepanga maboma ya watu wote isipokuwa lake, naye alicheka nao, ingawa utani huo ulimchoma kila mara.

Pesa za boma zilianza kupatikana kwa njia ambayo hakuitegemea. Ule mwaka wa korona, watu walio ng'ambo walianza kumwomba awaonyeshe mazishi kwa simu. Cephas alinunua kijiti cha kusimamishia simu, akawa anaendesha matanga huku mkono mmoja ukigeuza kamera kuelekea kaburini. Muuguzi mmoja aitwaye Liz, aliyeishi Australia na ambaye mama yake alizikwa Uriri, ndiye aliyemwambia kwamba njia za kawaida za kutuma pesa zinamkata ada kubwa. Afadhali amtumie dola za kidijitali. Na wenzake wangefanya vivyo hivyo.

Cephas akaenda kwa Cliff, fundi wa simu mwenye kibanda mjini Migori, kijana wa miaka thelathini na kitu anayejua mambo hayo. Cliff akamfungulia pochi ndani ya simu. Pochi hiyo ikatoa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, ya kawaida kabisa, kama yametolewa katika kitabu cha darasa la tatu.

"Mzee, haya maneno ndio pesa yenyewe," Cliff alimwambia akiangalia kando ili asiyaone. "Simu ikipotea si shida. Unaweka haya maneno kwa simu ingine, vile yamefuatana, kila kitu inarudi. Lakini ukiyapoteza, hakuna ofisi utaenda kulilia."

"Na mtu mwingine akiyaona?"

"Basi pesa ni yake. Hakuna swali ataulizwa. Andika kwa karatasi mbili, uweke mahali mbili."

Cephas alicheka mpaka Cliff akakasirika kidogo. Karatasi? Cheti chake cha shule kililiwa na mchwa. Hati ya shamba la baba yake ilitoweka siku ya mazishi, nyumba ilipojaa watu waliokuja kulia na kupekua. Yeye mwenyewe alikuwa ameona familia zisizohesabika zikipindua magodoro kutafuta makaratasi ya marehemu, huku jeneza likisubiri nje. Kichwa hakina mchwa wala mashemeji. Akakaa kwenye benchi la Cliff, akafumba macho, akaingia katika boma la baba yake.

Ukutani kwa mama yake akaegemeza ngazi. Kwa mama Bosibori, mama yake wa kambo, akaweka limau, kwa sababu yule mama wa Kikisii hupenda kulamba limau na chumvi. Kwa mama Nyakerario, mama wa kambo mwingine, akaweka bata bukini, akamwona akimfukuza kwa ufagio. Blanketi akaliweka katika simba yake, ngoma katika simba ya Elkana, na vingine huko na huko, mpaka akafika langoni, ambapo aliangusha nyundo. Aliporudia mara tatu, akafuta picha ya maneno kwenye simu na kumlipa Cliff.

Miaka miwili mambo yalienda vizuri kabisa. Akienda kumzika mtu Ntimaru, akivuka mpaka kwenda Tarime kununua turubai, alisafiri na akiba yake yote bila kubeba kitu ambacho askari au mwizi angekigusa. Siku moja, yeye na mkewe Lynnet wakiwa safarini Rodi, wezi waliingia nyumbani. Walichukua runinga, redio na mtungi wa gesi, wakapasua mito, wakamwaga unga sakafuni. Lynnet alilia. Cephas aliketi kwenye kiti pekee kilichobaki, akayapitia maneno yake, akayakuta yote. Alijipongeza waziwazi, jambo ambalo mkewe hakulipenda.

"Na siku ukifa?" Lynnet akamuuliza huku akizoa unga. "Wewe si huzika hao wanaume wanaendaga na siri zao? Si unarudigi hapa unaniambia vile mabibi wao wameteseka?"

"Sitakufa kabla tuhame."

"Umeambiwa na nani?"

Ni kweli alikuwa amewazika wanaume kama hao, na alikuwa na hotuba nzima juu yao, hotuba iliyofanya wajane watikise vichwa. Hakuwahi kufikiri kwamba hotuba hiyo ilimhusu.

Simu iliharibikia mazishini Ogwedhi. Marehemu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na wanawe walioko Amerika walitaka kuona kila kitu, hata jikoni. Cephas aliinama juu ya sufuria kubwa ya nyama ili waone kwamba wageni wanalishwa vizuri. Simu ikateleza kutoka kwenye kijiti, ikazama. Mpishi aliitoa kwa mwiko baada ya dakika moja hivi, ikiwa imeiva. Watu walicheka, na Cephas akacheka kuliko wote. Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Kesho yake alinunua simu mpya, akaenda kwa Cliff. Aliketi kwenye kona akimpa mgongo, akaandika ngazi, bata bukini, limau, akaendelea mpaka nyundo. Pochi ikakataa. Akaandika tena polepole. Ikakataa. Akatoka nje, akanywa maji, akarudi, akaandika mara ya tatu akinong'ona kila herufi. Ikakataa.

"Labda umechanganya yenye iko mbele na yenye iko nyuma," Cliff akasema. "Nionyeshe nikusaidie kugeuzageuza. Ikiwa ni mbili tu zimebadilishana, hiyo si kazi kubwa."

"Mimi nichanganye? Hiyo ni dala, boma ya baba yangu, Cliff. Nilizaliwa hapo."

"Sasa kama si mpangilio, ni neno moja si yenyewe."

"Hiyo inawezekana."

Akamkatalia kabisa kumwonyesha. Ndivyo siri ilivyo. Ilimlinda na wezi wa runinga, na sasa ikamlinda na mtu pekee ambaye angemsaidia. Cephas akaanza kushuku maneno yenyewe. Huenda halikuwa limau, ni chungwa. Huenda ngoma ilikuwa tarumbeta. Alikaa jioni nyingi akibadilisha hiki kwa kile, na kila badiliko lililegeza kidogo uhakika wa mengine, hata akafika mahali ambapo hakuwa na hakika kama aliwahi kuona nyundo.

Hofu ikamwingia, hofu ya kweli, ile inayomfanya mtu ashindwe kumaliza ugali. Mazishini Rangwe alisimama na kipaza sauti na jina la mtoto wa kwanza wa marehemu likakataa kuja. Watu mia nne wakamsubiri. Mwishowe mjane mwenyewe ndiye aliyelitaja. Wiki hiyo Cephas alinunua daftari, akalificha ndani ya koti, akawa analichungulia wakati kwaya ikiimba. Hakumwambia Lynnet juu ya ile pochi kwa muda wa mwezi mzima, na alipomwambia, mkewe hakumgombeza. Aliendelea kukunja nguo, na Cephas akaona ingekuwa heri angegombezwa.

Mwezi wa pili tangu pochi ikatae ulipokaribia kwisha, Jaduong' Obunga akaita kikao. Alikuwa amelazwa siku tisa hospitalini na kurudishwa nyumbani. Walikutana katika boma la baba yao, uwanjani mbele ya nyumba ya marehemu mama yake Cephas: mzee kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya stuli, Elkana na wadogo zake kwenye benchi, mama Bosibori na mama Nyakerario kwenye mkeka. Mzee hakuzunguka.

"Cephas, mimi sijui nitaona mvua ingine. Elkana ako na mabati, ako na mbao. Nataka tuongee kama anaweza kutangulia, tufanye yenye inafaa ili isilete shida. Wewe utafuata ukipata."

Kupitwa na mdogo wako si jambo la kuua, lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kusimama mbele za watu na kuwaambia nini kinafuata nini, ni afadhali angepigwa. Cephas akasimama. Alipokosa la kujitetea, akafanya kile alichozoea kufanya, akahutubu.

"Jaduong', kwa heshima yote. Boma ni mpangilio. Ukibomoa mpangilio, umebomoa watu. Angalieni tu hapa kwetu. Baba hakuruka mtu. Nyumba ya mama hii hapa katikati. Kulia kwake mke wa pili, mama Nyakerario. Kushoto wa tatu, mama Bosibori. Kisha sisi, kila mtu kwa zamu yake mpaka langoni. Sasa mimi nirukwe?"

Elkana alimtazama kaka yake kama mtu anayemtazama mgonjwa. Mama Nyakerario akainamia mkeka. Ndipo mama Bosibori akamuuliza, bila hasira, kana kwamba anauliza bei ya nyanya.

"Cephas. Mimi nakaa upande gani?"

Cephas akageuka kumwonyesha nyumba yake. Mkono wake ulielekea kushoto, ukabaki hewani. Kabla ya kuketi, Bosibori alikuwa ametoka na sinia la chai kutoka nyumba ya kulia. Nyumba hiyo ilikuwa kulia tangu Cephas akiwa darasa la nne.

Hadithi yenyewe aliijua, kila mtu pale aliijua. Nyakerario aliwahi kugombana na baba yao, akarudi kwao Kuria miaka mitatu, na nyumba yake ikaanguka. Katika miaka hiyo baba yao akamwoa Bosibori, na kwa kuwa alikuwa mkaidi akamjengea kulia, mahali pale pale palipokuwa wazi. Nyakerario aliporudi akajengewa kushoto. Wazee walilaumu, na baba yao alipokufa wengine walisema ndiyo sababu. Cephas alikua akiionea aibu kasoro ile. Kisha akawa emsii, na kwa miaka kumi na tano, karibu kila Jumamosi, alisimama katika boma fulani akieleza kwamba wa pili ni kulia na wa tatu ni kushoto. Hakukusudia kumhamisha mtu. Lakini alikuwa ameyanyoosha maboma ya watu mpaka akalinyoosha na la baba yake.

Alitoa simu mfukoni. Akaacha kikao bila kuomba ruhusa, akatembea mpaka ukuta wa mama yake, akasema "ngazi" akaandika. Akaenda kulia, akasimama mbele ya mlango wa Bosibori, akasema "limau". Akavuka uwanja hadi kwa Nyakerario, akasema "bata bukini". Alikuwa akiyasema kwa Kiingereza na kwa sauti ile ya kazi, sauti inayofika nyuma ya hema bila spika, na hakujua kwamba anasikika. Simba yake, simba ya Elkana, ghala, zizi, moja baada ya lingine mpaka langoni. Wote uwanjani waligeuza shingo wakimfuata. Langoni akasema "nyundo", akabonyeza, akasubiri.

Pochi ikafunguka.

Cephas akaketi chini pale pale langoni, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. Alilia kidogo, na hakuona haya. Kisha akarudi akawaeleza yote, tangu Liz hadi sufuria ya Ogwedhi, na Jaduong' Obunga akauliza maswali mengi yasiyo na majibu kuhusu pesa ambayo haishikiki.

"Na sasa sisi wote tunajua hayo maneno," Elkana akasema. "Hata mtoto wa jirani ako pale kwa ua amesikia. Naweza anza na ngazi saa hii."

Kicheko kikapita benchini, na Cephas akacheka nacho, ila kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kibandani kwa Cliff. Akafunguliwa pochi nyingine yenye maneno mapya, akahamisha kila kitu. Safari hii alimwacha Cliff amfundishe kuyaandika vizuri, kwa karatasi mbili. Moja alimpa Lynnet, ambaye aliisoma yote, akaikunja na kuondoka nayo bila kumwambia anaipeleka wapi. Kichwani pia aliyaweka, kwa sababu kuacha kabisa kungemshinda, lakini alikubali kwamba kichwa ni mahali ambapo vitu hujipanga vyenyewe mwenye nyumba asipoangalia.

Walihama wiki tatu baadaye. Jaduong' Obunga alipelekwa kwa pikipiki mpaka kiwanja kipya, akashushwa, akatembea hatua zake mwenyewe huku ameshika jogoo, kama mila inavyotaka kwa anayefungua boma jipya. Mwana wa kwanza wa Cephas alibeba shoka, Lynnet akabeba moto kwenye kigae. Elkana alisimama kando akihesabu siku zake kwenye vidole, maana yeye alikuwa wa kufuata.

Asubuhi hiyo, kabla hawajatoka katika boma la zamani, mama Bosibori alimwita Cephas mlangoni kwake. Alikuwa na kikombe cha uji na limau lililokatwa. Alitaka aelezwe mara moja zaidi, polepole, lile jambo la maneno, kwa kuwa siku ile ya kikao hakulielewa lote. Cephas akamweleza: kwamba kila neno lilikuwa na nyumba yake, kwamba la kwake lilikuwa la pili, na kwamba yeye alikuwa amemhamishia kushoto bila kujua, ndiyo maana mlango wa pesa ukakataa kufunguka.

Bosibori alisikiliza mpaka mwisho, akilamba limau.

"Kumbe hiyo pesa yako ilikuwa imekaa hapa kwangu miezi miwili yote," akasema. "Na hukukuja hata kunisalimia."

Cephas alikuwa analipwa kwa kusema. Safari hii alipokea tu kikombe cha uji, akasimama pale mlangoni. Alikunywa uji wote, akamrudishia kikombe, kisha akaenda, kwa sababu mzee alikuwa ameshapandishwa kwenye pikipiki na alikuwa akimsubiri.